Kwa nini chumvi inazima mng'ao wa kwinini, na mchicha unang'aa ukiwa kwenye spiriti tu?

Swali la msomaji: "Nafundisha kemia kidato cha tano na sita. Nikimulika soda ya toniki gizani kwa tochi ya kukagulia noti, inatoa nuru ya bluu. Niliwaeleza wanafunzi kwamba elektroni inameza mwanga na kupanda ngazi, kisha inashuka na kuutema. Mmoja akauliza: kama ngazi ni ileile, mbona mwanga unaoingia ni urujuanimno na unaotoka ni bluu? Tukatia kijiko cha chumvi, nuru ikazimika papo hapo. Tukatia limau kwenye bilauri nyingine, wala haikujali. Tena mchicha uliopondwa kwenye spiriti unang'aa wekundu wa damu ya mzee, lakini jani bichi halioneshi kitu. Nimekosea wapi?"

Jibu:

Mwalimu, hukukosea, umeishia njiani. "Kupanda na kushuka" kunataja mwanzo na mwisho wa safari na kuruka katikati, na mambo yote yanayokusumbua yamo humo katikati. Molekuli ikishameza mwanga haishuki hapo hapo. Inakaa juu kwa muda, na wakati inakaa ina milango kadhaa ya kutokea. Kutoa mwanga ni mlango mmoja tu. Unachokiona gizani ni matokeo ya mbio kati ya milango hiyo, na mbio zenyewe zinapimwa kwa nanosekunde, yaani sehemu za bilioni za sekunde.

Tuanze na hesabu ya nishati, maana bila namba maelezo haya hugeuka hadithi. Chukua 1240, ugawe kwa urefu wa wimbi katika nanomita, unapata nishati ya fotoni moja, yaani punje moja ya mwanga, katika elektroni-volti, kipimo kidogo cha nishati. Tochi za noti ziko za aina mbili: za nanomita 365 na za 395, na mara nyingi namba imeandikwa kwenye kasha au kwenye shingo ya tochi. Fotoni ya 365 ina elektroni-volti 3.40, ya 395 ina 3.14. Joto la chumbani linaipa molekuli kama 0.025 tu, ndiyo maana toniki haiwaki yenyewe mezani. Ukigeuza 3.40 kuwa kilojuli kwa moli unapata takriban 328, si mbali na nguvu ya kiungo kati ya kaboni mbili, ambayo ni kama 347. Nguo iliyoanikwa juani miezi inapauka kwa sababu hiyo: baadhi ya fotoni zina nguvu ya kutosha kuvuruga viungo vya rangi.

Sasa mwanafunzi wako. Kumeza fotoni kunachukua kama femtosekunde moja, yaani sehemu ya milioni ya nanosekunde. Katika muda huo elektroni imeshahamia mpangilio mpya, lakini viini vya atomu havijasogea, kwa sababu kiini cha kaboni ni kizito kuliko elektroni mara 22,000 hivi. Fikiria kitanda cha kamba ambacho kamba zake zinakazwa upya ghafla mtu akiwa amelala juu. Kwanza anarushwarushwa, ndipo anatulia kwenye umbo jipya. Molekuli ya kwinini, ile kemikali chungu iliyomo kwenye toniki na ndiyo inayong'aa, nayo mara baada ya kumeza ina viungo vyenye urefu usiolingana na mpangilio mpya wa elektroni. Inatetemeka, na mtetemo huo unapokewa na molekuli za maji zilizoizunguka ndani ya pikosekunde chache, yaani sehemu za elfu za nanosekunde. Maji yenyewe yana upande chanya na upande hasi, kwa hiyo nayo yanajigeuza kuendana na mgawanyo mpya wa chaji, na hilo linashusha nishati kidogo zaidi.

Ikimaliza kutulia, kwinini inabaki kwenye ngazi ya chini kabisa ya hali ya msisimko, yaani ile hali ya kuwa juu baada ya kumeza mwanga. Ni kutoka hapo inaporuka kwenda chini. Hata huko chini haitui sakafuni moja kwa moja. Inatua juu kidogo, bado viungo vikitetemeka, kisha inateleza. Kwa hiyo mwanga unatoka ukiwa na kilele karibu na nanomita 450, sawa na elektroni-volti 2.76. Tofauti ya 0.64, kama asilimia 19 ya kilichoingia, imekwenda kwenye maji kama joto. Mwambie kijana: ngazi ya kupandia siyo ya kushukia. Idadi ya fotoni haiongezeki, fotoni moja ya 365 ikitoa nyingi zaidi ni moja ya 450. John Herschel aliuandika mng'ao huu wa kwinini juani mwaka 1845, na George Stokes mwaka 1852 ndiye aliyeonesha kwamba mwanga unaotoka una wimbi refu kuliko ulioingia. Hata wewe huhitaji tochi kuuona. Weka bilauri ya toniki mbele ya kitambaa cheusi, jua la mchana liipige ubavuni, utaona utando wa bluu upande ule ule jua linapoingilia.

Kwa nini upande huo tu? Kwa sababu kwinini ya mwanzo imeshaumeza urujuanimno wote kabla haujafika katikati. Lishike hili, litarudi kwenye mchicha.

Tuje kwenye milango. Kwinini kwenye asidi ya salfuriki hafifu imepimwa mara nyingi hata ikawa kipimo cha kulinganishia maabara: katika kila molekuli 100 zilizosisimka, kama 55 hutoka kwa kutoa mwanga, na wastani wa kukaa juu ni nanosekunde 19 hivi. Ukigawa, mlango wa mwanga unapitisha kwa kasi ya kama milioni 29 kwa sekunde, na milango mingine yote ya ndani, ambayo mwisho wake ni joto, kama milioni 24. Mbio zinakaribiana. Ongeza mlango mmoja wenye kasi kubwa, na mwanga unakufa hata kama mlango wa mwanga wenyewe haujaguswa.

Chumvi ni mlango huo. Si sodiamu, ni ayoni ya kloraidi. Katika nanosekunde 19, ayoni iliyo jirani inapata nafasi ya kugongana na kwinini iliyosisimka. Wakigusana, elektroni ya kloraidi inavutwa kidogo upande wa kwinini, kisha kila kitu kinarudi mahali pake na nishati inabaki kuwa joto. Hakuna kilichoungua wala kubadilika rangi. Kloraidi haimezi mwanga wa tochi yako, ndiyo maana chumvi isiyo na rangi inaweza kuzima. Bromaidi inazima zaidi, ayodaidi zaidi ya hapo.

Kanuni yake ni nyepesi na wanafunzi wako wanaimudu. Mwanga wa awali ukigawiwa kwa mwanga uliobaki ni sawa na 1 jumlisha K mara mkolezo wa kloraidi, na K ni namba inayoonesha kizimaji kinazima kwa nguvu kiasi gani. Otto Stern na Max Volmer waliitoa mwaka 1919. Kwa kwinini na kloraidi, chukua K kuwa kama 100 kwa mkolezo wa moli kwa lita, inatosha kwa makadirio ya darasani. Kijiko cha chai cha chumvi, sawasawa bila kilima, ni gramu 6 hivi. Kwenye mililita 200 za toniki hiyo ni 0.5 moli kwa lita, na jibu la kanuni ni 51. Mwanga umepungua mara hamsini. Macho yanasema "umezimika". Lakini ungetia chembe za kushikwa kwa vidole viwili, gramu 0.3 hivi, mwanga ungepungua mara tatu au nne, na darasa lingeuona ukififia. Ningeanza na hizo kidogo, maana kijiko kizima kinaruka sehemu yote yenye mafunzo.

Limau halikujali kwa sababu toniki tayari ni chachu. Kwinini ina naitrojeni mbili zinazoweza kupokea protoni, na umbo lenye protoni zote mbili ndilo linalong'aa bluu vizuri. Jaribu kinyume chake: tia magadi ya kupikia, kidogo kidogo kwa sababu itatoa povu jingi. Nuru itafifia na kusogea kuelekea urujuani. Kamulia limau, itarudi. Hiki ni kisa tofauti na chumvi. Magadi yamebadilisha molekuli kabla haijamulikwa. Chumvi imeiwahi ikiwa tayari iko juu.

Watu huuliza: nitajuaje kwamba chumvi haijaiharibu kwinini? Jaribio ninalolipenda ni hili. Chukua mililita 10 za toniki yako iliyotiwa kijiko cha chumvi, ile iliyozimika. Mimina kwenye mililita 190 za maji yaliyokenekwa, tia matone machache ya limau ili uchachu usipotee. Umeipunguza kwinini mara 20, akili ya kawaida inasema giza liongezeke. Mulika: nuru inarudi. Kloraidi imeshuka kutoka 0.5 hadi 0.025, kwa hiyo uzimaji umeshuka kutoka mara 51 hadi mara 3.5. Kwinini kweli imepungua, lakini mwanzoni ilikuwa nyingi kiasi cha kuumeza mwanga wote kwenye sentimita ya kwanza au ya pili. Sasa bilauri nzima inafanya kazi. Ungekuwa umeiunguza, isingerudi kwa kuongezewa maji.

Mahali ambapo jaribio hili huharibika ni pale maji yanapotoka kisimani. Visima vingi vya pwani vina chumvi. Maji yenye gramu moja tu ya kloraidi kwa lita yanatosha kupunguza nuru mara tatu au nne, na mwalimu anabaki kulaumu tochi. Kosa la pili, ambalo nimeliona hata kwenye ripoti za wanafunzi wa chuo, ni kutengeneza myeyusho wa kwinini kwa asidi ya hidrokloriki kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu kabatini. Hiyo asidi inakuja na kloraidi yake. Tumia salfuriki hafifu, 0.05 moli kwa lita inatosha, au limau kama huna.

La tatu ni tochi. Ya 395 inaigusa kwinini pembeni tu, kwa sababu kilele cha umezaji kiko karibu na 350. Toniki itang'aa, lakini kwa unyonge, na zambarau ya tochi yenyewe itawachanganya wanafunzi. Weka bilauri ya maji matupu kando kila mara, na chini tandika kitambaa cheusi. Usitandike karatasi nyeupe wala shuka lililofuliwa kwa sabuni ya unga: vyote vimetiwa ving'arishi ambavyo navyo hutoa bluu kwenye urujuanimno, na utadhani bilauri ndiyo inayowaka. Hakuna wa kuielekeza tochi machoni, hasa hizi za 365 ambazo hazionekani kuwa kali.

Na dawa ya kuondoa madoa, hii tunayoiita jiki? Nayo inazima toniki, na iko kwenye video nyingi. Hiyo inaiharibu molekuli kabisa, hairudi kwa maji wala limau. Darasani usiifanye. Toniki ni chachu, na jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini.

Sasa mchicha. Molekuli hapa ni klorofili, na kwenye asetoni klorofili a ina vilele viwili vikubwa vya umezaji: bluu karibu na 430 na nyekundu karibu na 662. Ukiimulika bluu, inapanda juu sana, elektroni-volti 2.88. Lakini ile ngazi ya juu haidumu hata pikosekunde moja. Nishati inateleza hadi ngazi ya chini ya msisimko, na ni hapo tu inapokaa nanosekunde tano au sita. Kwa hiyo umulike bluu, umulike nyekundu, kinachotoka ni nyekundu ileile karibu na 670. Michael Kasha aliiweka kanuni hii mwaka 1950: mwanga hutoka kwenye ngazi ya chini kabisa ya msisimko, bila kujali molekuli ilipandia ipi. Kuna molekuli chache zinazoikaidi, hazitakusumbua shuleni. Kwenye kiyeyushi, kama theluthi moja ya klorofili zilizosisimka hutoka kwa mwanga.

Kupata myeyusho mzuri: gramu 20 za majani mabichi ya mchicha, toa mishipa minene, chovya kwenye maji ya moto dakika moja, kamua kwa kitambaa mpaka yasichuruzike. Ponda kwenye kinu, tia mililita 50 za spiriti, acha dakika kumi gizani, chuja. Spiriti yenye maji mengi, kama ile ya asilimia 70, inatoa rangi hafifu; ya 95 au asetoni inafaa zaidi. Angalia isiwe ile spiriti ya kuwashia iliyotiwa rangi ya zambarau, hiyo rangi inameza mwanga wako. Moto mbali, kwa vyovyote.

Ukiimulika ikiwa nzito utaona wekundu kwenye ngozi ya nje tu, ndani ni kijani kiza. Ni yale ya toniki juani: mwanga umemezwa mwanzoni. Tena klorofili inameza sehemu ya wekundu wake yenyewe kabla haujatoka, kwa sababu 662 na 670 ni majirani. Zimua kwa spiriti mpaka uweze kusoma maandishi upande wa pili wa bilauri, ndipo mulika. Kwa kazi hii tochi ya 395 ni nzuri kuliko ya 365, kinyume na kwinini.

Usiache myeyusho dirishani. Si kila klorofili inatoka kwa mwanga au joto. Nyingine elektroni yake inageuza mzunguko wake yenyewe (spini) na kuingia hali nyingine ya msisimko iitwayo tripleti. Kutoka hapo kurudi chini ni mwiko wa kanuni za mzunguko, kwa hiyo inakaa muda mrefu mno, maikrosekunde na zaidi. Muda huo unatosha oksijeni iliyoyeyuka kuifikia na kupokea nishati, ikawa oksijeni kali inayohitaji elektroni-volti 0.98 tu kuzaliwa. Hiyo inashambulia klorofili yenyewe. Saa chache za jua na kijani chako kimegeuka majimaji ya manjano. Jani lina karotini, zile rangi za manjano na chungwa, za kuinyang'anya tripleti nishati yake kabla oksijeni haijafika. Bilauri yako nayo ina karotini, lakini zimetawanyika mbali, haziwahi. Na ukiona kijani kimegeuka rangi ya zeituni bila jua, kuna asidi: magnesiamu imetoka katikati ya molekuli, jambo lile lile linalotokea mchicha ukipikwa mno.

Jani bichi lina mlango ambao spiriti imeuvunja. Ndani ya jani, klorofili zimepangwa ndani ya protini kwa karibu sana, na nishati inarukia kutoka moja hadi nyingine mpaka kwenye kituo ambako elektroni inatolewa kwa kazi ya usanisinuru. Safari yote inachukua pikosekunde kumi hadi mia kadhaa. Mlango wa mwanga, unaohitaji nanosekunde, haupati nafasi: asilimia moja au mbili tu ndizo zinazotoka nyekundu. Spiriti ikiyeyusha mpangilio huo, klorofili inabaki peke yake, haina wa kumkabidhi, inasubiri, inang'aa.

Hiyo asilimia moja unaweza kuiona. Tochi ya noti haifai hapa, kwa kuwa ngozi ya juu ya jani ina kemikali zinazozuia urujuanimno. Tumia taa ya bluu ya LED ya 450 hivi, na ushike mbele ya jicho karatasi angavu nyekundu iliyokunjwa mara mbili au tatu mpaka bluu isipite. Jani liwe limekaa giza totoro dakika 15. Washa ghafla: litaonekana jekundu, lipande ndani ya sekunde moja hivi, kisha lififie kwa dakika chache. Hans Kautsky alilieleza hili mwaka 1931. Mwanzoni vituo vya jani vinajaa haraka kuliko vinavyoweza kupitisha elektroni mbele, kwa hiyo nishati inakosa pa kwenda na mlango wa mwanga unapata zamu yake. Baadaye kazi inashika kasi, na mwanga unapungua. Ukipata jani lililopigwa dawa ya magugu aina ya diuroni, ambayo huziba njia ya elektroni, wekundu unapanda na kubaki juu, hata kwa jani ambalo bado ni kijani kibichi na halijaonesha dalili yoyote ya kufa.